Rangi Isiyong'aa

Bosi aliamuru viti vipakwe rangi isiyong'aa, na mpaka leo nikipita mahali penye harufu ya rangi mbichi najikuta nasaga meno.

Karakana yetu ipo Vingunguti, kwenye barabara inayopitisha ng'ombe kwenda machinjioni. Tunatengeneza vitu vya faiba: paa za bajaji, matangi, mabenchi. Mimi nachora kwenye kompyuta, mashine inachonga kalibu kutokana na mchoro wangu, vijana wanalaza faiba ndani ya kalibu. Kisha shule moja ya Temeke ikaagiza viti vya watoto ambao mwili hauwatii, wasioweza kukaa bila kushikiliwa. Mmoja wao ni mtoto wa dada yangu. Ana miaka minane na mdomo wa mtu wa miaka arobaini, na wakati ule alikuwa anasoma akiwa amelala kwenye mkeka nyuma ya darasa, anaona miguu ya wenzake na nusu ya ubao. Kiti kingemwinua. Sikutaka zaidi ya hapo.

Kiti cha namna hiyo kina mgongo, kina kikalio, kina kingo mbili pana za kumshika mtoto ubavuni. Kila sehemu ina uso wake, na kazi yote ngumu ipo pale nyuso zinapokutana. Unaweza kuzigusanisha tu, ukapata ncha. Unaweza kuzifanya zielekee upande mmoja, ncha ikapotea, na watu wengi huishia hapo. Ngozi haiishii hapo, inahisi hata pale mpindo unapoanza ghafla. Ipo kona moja Goba, unashuka kwa bodaboda barabara imenyooka, halafu ghafla imekuwa duara. Hakuna shimo, hakuna tuta, lakini dereva anavuta usukani kwa nguvu na tumbo lako linabaki nyuma. Kona nzuri huanza kupinda kabla hujajua, kidogo, halafu kidogo zaidi, mpaka ikupokee. Hivyo ndivyo nilivyotaka mgongo wa kiti uingie ubavuni: mpindo wa uso mmoja upokelewe na mpindo wa uso wa pili, pasiwe na mahali unaporuka.

Kwenye kompyuta unaweza kumwaga mistari myeusi na myeupe juu ya umbo, kana kwamba umbo ni kioo na mbele yake amesimama pundamilia. Mistari ikikatika, nyuso zimegusana tu. Ikikutana lakini ikapiga goti, mpindo umeruka. Ikitiririka, umefika. Nilivuta nukta, nikafuta, nikavuta tena, wiki nzima na zaidi. Siku mistari ilipopita kutoka mgongoni hadi ubavuni kama maji juu ya jiwe lililozoea mto, nilitamani kumwita mtu aone. Wenzangu wa kikundi cha waandishi ninachohudhuria baada ya kazi, nilipowasimulia, waliniuliza kama nina homa.

Kisha kazi yangu wakaivunja. Mashine ingechukua muda mrefu kuchonga mchoro wangu, na bosi alikuwa na paa za bajaji zinasubiri. Siku ambayo sikuwepo akamwambia mwendesha mashine afute maungio yangu yote aweke duara la kawaida, lile ambalo programu inakupa kwa kubonyeza mara moja. Niligundua kiti cha kwanza kilipotoka kwenye kalibu, bado kinang'aa. Nilikiinamisha chini ya taa ndefu ya darini. Mwanga ukashuka mgongoni umenyooka, ukafika kwenye maungio, ukapiga goti.

Nikamwita bosi. Alikuja na kikombe chake cha kahawa, akatazama, na sitamsingizia: aliona. Ni mtu mpole, wa ukoo wa wenye maduka ya zamani, yeye humwita kila mtu mwanangu. Upole huo ulinikasirisha kuliko ukali, maana mtu mkali angalau mnagombana.

"Mwanangu," akasema, "hilo ni la macho tu. Tutapaka rangi isiyong'aa."

Nikamwambia mtoto hakalii macho.

"Nao si wanavaa nguo?"

Vijana wakacheka. Rangi ikapakwa, mwanga ukafa juu ya viti vyote. Bosi akapitisha kiganja kwenye maungio, kisha akanionesha kiganja chenyewe, hakina alama, kama ushahidi.

Viti vikaenda Temeke. Jioni ya siku ya kwanza dada alimvua mtoto fulana, tukaona mstari mwekundu chini ya mbavu, mwembamba, umenyooka kama umepigwa rula.

"Mama mdogo," mtoto akaniambia, "kuna mtu alikaa kile kiti kabla yangu. Kasahau kidole."

"Kinauma?"

"Mie ndo naumia. Chenyewe kimetulia tu."

Mlezi wa darasa alikuwa ameshamweleza dada kwamba ngozi ikichubuka, mtoto atarudi kwenye mkeka. Asubuhi nilikwenda kwa bosi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue sikumwamkia. Nilimwomba aweke mkono juu ya maungio ya kiti kilichobaki karakana, aulalie kwa uzito wake, asiutoe mpaka nimalize kusema. Kwa adabu yake akafanya. Nilisema mengi. Alipoinua mkono, mstari ulikuwepo. Akautazama, akashusha mkono wa kanzu.

"Cha mtoto wako kitengeneze," akasema. "Hicho kimoja. Kalibu siichongi upya."

Nyumbani nikatangaza kwamba ni vyote au hakuna. Dada alikuwa anamchua mtoto mafuta ya nazi, hata hakugeuka.

"Hasira zako hazikaliwi. Leta kiti."

Nikakileta. Nilijaza puti kwenye maungio yake, nikapiga msasa chini ya taa mpaka mwanga ukapita bila kujikwaa, nikakipaka nyekundu inayong'aa, makusudi. Ngozi ikapona. Mtoto aliuona ubao mzima na akaanza kulalamika kwamba mwandiko wa mwalimu ni mbaya.

Halafu jioni moja mstari ukarudi. Nikadhani puti imepasuka. Mtoto akasema haijapasuka. Leo alikaa kiti cha rafiki yake, rafiki yake akakaa chake, na kesho ni zamu ya yule anayeliaga hesabu zikianza. Mlezi ndiye anayewahamisha. Mtoto mwenyewe ndiye aliyemwomba mlezi.

"Wote wana mbavu, mama mdogo," akasema, kama anamweleza mtu mzito wa kuelewa.

Nilifungua mdomo nimkataze. Nimwambie akae kiti chake, kile kimoja nilichomtengenezea. Maneno yakanifika kwenye ulimi na nikayatambua: yalikuwa ya bosi. Nikaondoka pale ndani kwa hasira ambayo sikujua niielekeze wapi.

Asubuhi niliingia karakana na puti niliyoinunua mwenyewe. Niliivuta kalibu mpaka chini ya taa, bila kuomba ruhusa, nikajaza puti kwenye maungio yake, nikaanza kupiga msasa, ili viti vyote vitoke humo upya bila mstari. Bosi alipofika akaniambia paa za bajaji zinasubiri. Niliendelea kupiga.