Gesti ya Vyumba Vinane na Jukwaa la Wachimbaji

Nilipokodi ile gesti nje kidogo ya Masumbwe, wachimbaji walilala wawili wawili kitandani. Kisha mashimo yakakata, dhahabu ikaisha. Habari za mahali pengine palipotema dhahabu zilifika asubuhi, na kufikia jioni watu walikuwa wamehama na sululu zao. Nikabaki na shuka safi zisizolaliwa.

Vyumba vilikuwa vinane. Saba vya wageni, cha nane nililala mimi na mama yangu, ambaye miguu ilikuwa imemkatalia. Mwenye nyumba, mzee mpole, akaniambia, "Mwanangu, vikibaki vitupu mpaka mwisho wa mwezi, nirudishie funguo nifugie kuku."

Ndipo nikaingia mtandaoni. Kuna jukwaa ambako wachimbaji huulizana wapi panatoa dhahabu. Nikaweka picha ya vitanda. "Huyu anauza usingizi," mmoja akaandika, wengine wakacheka, tangazo likafutwa.

Nawe ukitaka kujitangaza huko, sikiliza nilichojifunza: usianze kwa kuuza, anza kwa kujibu maswali. Nilieleza basi la kupanda, maji ya kunywa yanapopatikana, zahanati ilipo. Chini ya kila jibu niliandika tu, "Mama wa gesti, Masumbwe." Polepole wakaanza kuniamini.

Kisha mtu akauliza swali nililokuwa naliogopa. "Mama wa gesti, wewe upo hapo. Bado panatoa?"

Nilikaa na simu mkononi mpaka uji wa mama ukaungua. Nikaandika ukweli: pamekata, mashimo yamejaa maji, usiuze kitu chako kuja huku. Nilijua nimejifungia mlango mwenyewe.

Siku ya tatu wakafika wanaume wanne na mabegi.

"Mayu, mama yetu, shikamoo. Wewe ndiye mama wa gesti?"

"Marahaba. Ndiye mimi. Kwani hamkusoma nilichoandika?"

"Tumesoma, ndiyo maana tumekuja," akasema mkubwa wao, na wenzake wakacheka chinichini.

Hapo nikakumbuka jambo ambalo kila mtu wa machimboni analijua. Mchimbaji ambaye shimo lake limetema hasemi. Atakuapia kwamba hajaona hata chembe, ili wengine wasimfuate. Anayejisifu ndiye hana kitu. Nami nilikuwa nimeandika kama mtu anayeficha dhahabu.

Nikarudi jukwaani kufafanua. Nikapiga picha ya maji mashimoni. "Hiyo ya masika yaliyopita," wakaandika. "Mama anawatunzia wanawe." Ndani ya wiki vyumba saba vikajaa. Mwenye nyumba alipita, akaviona viatu milangoni, akaenda zake bila kutaja kuku.

Mmoja wa wageni, mtu mzima aliyetoka Maganzo, alikuwa ameuza cherehani ya mkewe ili aje. Kila siku alitoka na ndoo, akarudi na matope. Siku ya sita alinikuta nafua.

"Mayu, niambie mimi tu. Upande gani?"

"Hakuna, baba. Nilisema kabla hujapanda basi."

"Basi ninong'oneze."

Akaniinamia, akanipa sikio. Nikakamua shuka, nikaianika.

Nikafikiri: kama ukweli unawaita, majisifu yatawafukuza. Jioni ile nikaandika, "Masumbwe pametema. Dhahabu ni ya kuokota. Njooni nyote."

Jibu lilikuja kabla sijaweka simu chini. "Kumbe njaa imekubana, mama."

Hakuja mgeni tena. Waliokuwepo walisoma, wakafunga mabegi mmoja mmoja. Yule wa cherehani aliondoka wa mwisho, akaniaga kwa mikono miwili.

Mwisho wa mwezi nilimpelekea mzee funguo saba kwenye kamba moja. Ule wa nane niliushika, nikamwomba siku chache, mpaka nipate pa kumlaza mama.

Alitazama chini. Akasema vifaranga ameshanunua.