Mlinzi wa Bwawa Tupu

Mdogo wake marehemu mke wangu ndiye mlinzi wa bwawa. Ana miaka ishirini na mbili kwenye kazi hiyo. Watu wanamwita Bwana Tupu, kwa sababu bwawa lake halikai na maji.

Ni tuta refu la udongo, liko juu ya mtaa wetu. Chini yake limepita bomba pana. Mvua ikinyesha maji yanasimama kidogo, kisha bomba linayatoa polepole mpaka yanaisha. Kiangazi tunahangaika na ndoo. Mke wangu alikuwa anakwenda kisimani mara tatu kwa siku. Siku moja alianguka njiani, hakuinuka tena.

Alipokuwa hai alimtetea mdogo wake. Mimi sikumwamini. Mtu mzima analipwa alinde shimo? Kila asubuhi anashuka nyuma ya tuta na bilauri. Anakinga maji yanayovuja kwenye nyasi, anayainua juani, anayatazama, anamwaga.

"Anapima mali," muuza mkaa aliniambia. "Maji yetu anawauzia wafyatua matofali kule bondeni."

Niliona ina maana. Wale hawakosi maji.

Nilimfuata siku nne. Sikuona mteja. Nikasema ni mjanja, ameshaniona.

Mvua zilipokaribia nilikwenda wakati anapokula. Nilitia mchanga magunia matatu, nusu nusu, nikayafunga pamoja kwa kamba ya kuanikia nguo ya mke wangu, nikayashindilia kwenye mdomo wa bomba. Ncha ya kamba niliificha juu ya tuta.

Mvua za kwanza zikanyesha, bwawa likajaa. Watu walichota wakicheka. Nikasema moyoni, mama watoto, ungeyaona haya. Shemeji alishinda anachokonoa bomba kwa mti mrefu, akidhani ni takataka.

Siku ya sita alikuja kwangu na bilauri yake.

"Shemeji, tazama."

Maji yalikuwa na tope.

"Umeyakoroga."

"Nikoroge nipate nini? Njoo ukinge mwenyewe."

Nilikwenda. Nikakinga kwa mkono wangu. Tope.

"Yakitoka safi, tuta linatoka jasho tu," alisema. "Yakitoka hivi, linaliwa ndani. Hili si bwawa la kuweka maji, shemeji. Ni la kuzuia mafuriko, yapite kidogo kidogo. Sasa limejaa. Mvua ya leo itakaa wapi?"

"Hayo unayasema wewe."

Akavua shati. "Haya. Napiga mbizi nikazibue. Bomba likininasa, nitamwambia dada nimekuacha bado unabisha."

Mawingu yalikuwa meusi. Nilitazama mgongo wake. Ana mabega kama ya dada yake.

"Usiingie," nikasema. "Kuna kamba."

Alinitazama. Hakuuliza kamba gani.

Tulivuta wawili, tukashindwa. Akapiga kelele bondeni, wafyatua matofali wakapanda mbio. Nyumba zao ndizo za kwanza kule chini. Tulivuta watu tisa. Gunia moja likapasuka, mengine yakafuata, bomba likanguruma. Shemeji akashuka pale panapovuja, akamwaga mchanga, kisha kokoto juu yake, ili maji yapite na udongo ubaki. Mvua ilipoanza, bwawa lilikuwa limeshuka nusu. Tuta likasimama.

Ofisini alisema takataka ziliziba bomba. Hakunitaja. Nikawaza, huyu anataka nini kwangu? Mpaka leo hajataka kitu. Mimi bado natazama.

Bwawa likawa tupu tena, na maneno yakarudi. Juzi muuza mkaa alisema mbele ya watu, "Si mliona? Waliokuja kuvuta ni wateja wake! Walikuja kufungua mzigo wao."

"Ni mimi niliyeziba," nikamwambia. "Magunia matatu. Kamba ya marehemu."

Muuza mkaa akacheka, akanipiga begani.

"Acha hizo, mzee. Unamfichia shemeji yako."