Banio la Fundi Nafasi

Majirani walimwita Nafasi, na jina hilo hakupewa bure. Ungempa chumba cha kumtosha paka, angekutengenezea humo kabati, meza ya kukunja na pa kufichia ngazi. Kitanda chake kilikuwa na droo chini, mlango una rafu nyuma yake, hata kigoda cha jikoni ukikifunua ulikuta vitunguu. Mama mkwe wake alikuwa akisema akilala pale anaogopa kujigeuza, asije akafungiwa na mashuka.

Kazi yake ya mshahara ilikuwa kwenye karakana ya hospitali, kutengeneza vitanda vya wagonjwa na vyombo vya upasuaji. Lakini alichojivunia kuliko vyote alikibuni nyumbani: banio dogo lenye midomo miwili laini, isiyo na meno. Kamba ikipita katikati na kuvutwa na uzito, midomo hubana, na uzito ukizidi nayo huzidi kubana. Kwa banio hilo alining'iniza sanduku kubwa darini, limejaa mablanketi na masufuria ya wageni. Ukitaka kitu unalegeza kamba, sanduku linashuka lenyewe kwa adabu.

Daktari wa mifupa alipoliona alilipenda papo hapo. Yeye akimshonea mgonjwa ukano mpya wa goti, ule unaofunga mfupa kwa mfupa, lazima nyuzi za ukano ule zivutwe na kushikiliwa sawasawa mpaka skrubu iingie kwenye mfupa. Ukilegea, goti litacheza maisha yote. Banio lenye meno lingetafuna nyuzi; hili halitafuni. Basi Nafasi akatengeneza mawili madogo ya chuma safi, mapacha, akayajaribu karakanani mpaka mikono ikafa ganzi. Yakashika vizuri. Ilibaki kupata mgonjwa wa kwanza.

Mgonjwa wa kwanza akawa mke wake. Ndiyo, dunia ina vituko. Siku moja sanduku lilishuka bila kuitwa. Mama wa watu alikuwa chini yake anakunja nguo. Akaruka pembeni, mwili ukageuka na mguu ukabaki. Ukano wa goti ukakatika.

Nafasi alichunguza banio, hakuona kasoro. Akalaumu kamba, akanunua nyingine. Mama mkwe hakutaka habari za kamba. "Mwanangu alipona malaria, akapona uzazi, kaja kuvunjwa na mablanketi," alisema, na akalirudia hilo kwa kila aliyekuja kutoa pole. Mkewe alikuwa akiinamisha kichwa tu, na daktari alipouliza kama anakubali chombo kipya kitumike kwake, alikubali upesi mno.

Asubuhi ya upasuaji Nafasi alikaa kando ya kitanda wodini, pacha wa pili wa banio mfukoni, kama mtu aliyebeba hirizi. Mkewe alikuwa keshavaa gauni la hospitali. Alikuwa akiichezea ncha ya shuka.

"Baba watoto, kuna kitu nataka kukwambia kabla sijaingia. Usinikasirikie."

"Sema."

"Lile banio la darini lilikuwa linalia. Kila nikishusha sanduku, kwii, kwii. Nikalitia matone mawili ya mafuta ya cherehani. Kesho yake ndio sanduku likaanguka. Nimekuacha utukanwe na mama siku zote hizi, na mimi nimekaa kimya."

Nafasi alicheka. Alicheka kwa furaha kabisa, bila kuona haya, maana mzigo uliomlemea ulikuwa umetuliwa. Kumbe banio ni zima! Mafuta tu! Alimshika mkono, akamwambia hana neno, na manesi wakaja wakasukuma kitanda kwenda chumba cha upasuaji. Aliwapungia mkono.

Kisha mkono ukamgandia hewani. Karakanani yeye alikuwa akiyajaribu mabanio makavu. Ila huko ndani nesi wa vyombo, kila akimaliza kuosha, huchovya kila chombo chenye bawaba katika mafuta meupe ili kisishike kutu. Ni utaratibu wa kila siku, na Nafasi aliujua. Aliujua na hakuufikiria.

Alikimbia. Alimkuta daktari kwenye sinki, anasugua mikono.

"Daktari, usikitumie chombo changu."

"Kwa nini? Kimeshatolewa."

Nafasi akaeleza, maneno yakigongana. Daktari alimsikiliza, akamtazama. "Una hakika?"

Hapo ndipo penye mtihani. Hakuwa na hakika. Akatoa pacha mfukoni, akaomba mafuta yale yale, akalichovya, akalitundika kwenye ndoano ya ukutani, akapitisha uzi wa kushonea na kuufungia ndoo ya maji ya wafagizi. Banio likashika. Wakasubiri. Likashika tu, ndoo imetulia, maji hayatikisiki. Daktari akageuza macho kwenye saa. Moyo wa Nafasi ukamwambia: nyamaza, umejitia aibu bure, acha chombo chako kiingie. Ndiye pekee aliyetaka wazidi kusubiri, na ndiye aliyetamani kuliko wote ndoo isishuke.

Ndoo ikashuka. Haikuanguka, iliteleza polepole mpaka ikagusa sakafu.

"Basi," alisema daktari. "Tutavuta kwa mikono, kama zamani. Nenda kakae."

Alikaa kwenye benchi la nje akiwa na banio lenye mafuta kiganjani, na alipoambiwa kwamba ukano umeshika alilia mbele za watu.

Mkewe alirudi nyumbani kwa magongo. Nafasi alikuwa akichonga midomo mipya, yenye mifereji midogo ya kukamulia mafuta, mingine akiitupa, mingine akianza upya. Siku aliporidhika alilifunga banio jipya darini, akapakia sanduku mablanketi yote na masufuria yote, akavuta mkeka akalala chini yake chali.

Mkewe alisimama mlangoni akiegemea gongo lake. "Unafanya nini?"

"Nalijaribu."

"Umelipaka mafuta?"

"Kidogo."

Alikwenda taratibu hadi kwenye cherehani, akarudi na chupa ya mafuta. Akasimama kwenye mguu mzima, akanyoosha mkono hadi kwenye dari fupi, akalimiminia banio mpaka yakachuruzika kwenye kamba, yakazunguka sanduku na kumdondokea mumewe kifuani. Sanduku halikutikisika. Akatazama juu kitambo, akaegemeza gongo ukutani.

"Sogea," akasema, akajishusha mkekani kwa uangalifu na kulinyoosha goti lake chini ya sanduku.