Namba ya Nyumbani kwa Daktari

Wakati wa Mwingereza nilikaa mbele ya ubao wa simu pale posta ya Same, kaptula imenyooka kwa pasi, soksi hadi magotini, nikijiona nusu ya serikali. Simu za mji mzima zilikuwa chache, namba zote nilikuwa nazo kichwani, na kazi yangu kubwa ilikuwa kutozisema.

Bwana posta, Mzungu aliyekuwa mkuu wangu, alitunga sheria. Namba ya ofisi apewe yeyote. Namba ya nyumbani haitolewi mpaka mwombaji aandike barua, aeleze sababu, asubiri jibu, maana wakubwa hawapendi kusumbuliwa wakiwa mezani. Lakini mtu akiitaja namba mwenyewe, aunganishwe mara moja, kwa kuwa huyo bila shaka ni mstaarabu.

Jumamosi moja mchana akaingia mama kutoka Suji, vumbi limempanda hadi magotini. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanieleza shida yake. Binti yake alikuwa na uchungu tangu juzi, wakunga wameshindwa, na kumteremsha mlimani kwa machela ni kumuua. Daktari alikuwa nyumbani kwake huko kwenye mkonge, mwendo wa nusu siku kwa miguu, ila alikuwa na gari.

"Namba yake unaijua, mwanangu?"

"Naijua."

"Basi itaje."

Nikamsukumia karatasi na kalamu. Nikamsomea sheria polepole, kwa sauti niliyoiga kwa bwana wangu. Naona haya kuandika haya, lakini ndivyo nilivyofanya.

Aliitazama karatasi, kisha akanitazama mimi. "Na mtu akitaja namba, unamfanyaje?"

"Namuunganisha."

"Namba zenu zinaanzia ngapi?"

"Moja."

"Nipe moja."

Moja ilikuwa bomani, ikalia bure. Mbili ilikuwa stesheni. Karani akadhani anataka tiketi.

"Nipe tatu."

Tatu ilikuwa nyumbani kwa bwana posta. Lakini sheria ni sheria, na hii ilikuwa yake mwenyewe. Nikachomeka waya, nikampa mama mkono wa simu, nami nikasikiliza.

Mama akamsalimu kama tunavyosalimiana kwetu mlimani, yaani bila kubakiza mtu. Ameamkaje? Mke je? Watoto walioko Ulaya? Mbuzi wanaendeleaje? Huko kwake mvua imenyesha? Kwetu huombi kitu kabla ya hayo, hata kama roho iko mkononi.

"Chakula changu kinapoa!" bwana akafoka. "Wewe nataka nini?"

"Namba ya nyumbani kwa daktari, baba."

Akaitaja papo hapo, bila barua, bila sababu, akakata simu. Mama akanigeukia, akaitaja na yeye, na safari hii mikono yangu ilikwenda mbio.

Gari lilipanda Suji jioni ileile. Binti akapona, na mtoto pia. Jumatatu bwana akaiongezea sheria yake kifungu kipya: mpigaji asizidishe salamu mbili. Nikakibandika ukutani, maana bado nilikuwa mtumishi mwema.

Baada ya mwezi nilimkuta yule mama sokoni, mjukuu mgongoni. Nikavua kofia nikainama.

"Shikamoo, mama."

Akanikagua kutoka soksi hadi kichwani.

"Andika barua, mwanangu," akasema. "Eleza sababu."

Akaendelea kuchagua vitunguu.