Siku Baba Alipomwambia Bibi Akae Chini

Baba yangu alikuwa mwenyekiti wa mtaa kwa miaka mingi hapa Izia, pembeni mwa mji wa Sumbawanga. Nilipokuwa msichana, ukifungua mlango wetu wa uani ulikuwa unakutana na shamba la ulezi la bibi, mama yake baba. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, kwa hiyo bibi ndiye aliyenilea. Alinifundisha kusonga ugali, kupepeta ulezi, na kunyamaza wakubwa wanapoongea.

Kisha barabara ya lami ikafika, na nyuma yake wakafika watu. Walimu, wauguzi, mafundi, wanunuzi wa mahindi, kutoka Mbeya, Mwanza, Kilimanjaro na kwingine. Sisi tuliwaita watu wa kuja, bila ubaya wowote. Wote walitafuta pa kulala, na baba aliwapenda. Kila aliyehamia alipita sebuleni kwetu kuandikiwa barua ya utambulisho. Baba aliupulizia muhuri pumzi kwanza, akaugandamiza taratibu, kisha akamwambia mgeni, "Karibu nyumbani."

Mwaka mmoja aliamua kujenga vyumba vitatu vya kupangisha. Msingi ulichimbwa katikati ya ulezi wa bibi ukiwa bado haujavunwa.

"Mngengoja tuvune," bibi alisema.

Baba akajibu kwamba mafundi hawapatikani kila siku. Likaishia hapo.

Mpangaji wetu wa kwanza alikuwa muuza vifaa vya ujenzi kutoka kaskazini, yeye na mkewe. Walikuwa watu wema. Asubuhi za Julai, baridi inapouma mpaka kwenye meno, mkewe alimletea bibi maji ya moto ya kuoga kabla mimi sijaamka. Mume alimwamkia baba shikamoo kila siku, na jioni walikaa pamoja kusikiliza taarifa ya habari. Baada ya miaka minne alinunua kiwanja cha jirani yetu aliyehamia Kaoze kulima. Akajenga nyumba nzuri ya matofali ya kuchoma, akaizungushia ukuta.

Ukuta huo uliziba njia. Haikuwa kwenye ramani yoyote. Ilikuwa njia ya miguu tu, kutoka nyuma ya nyumba zetu kwenda kisimani, na kutoka kisimani kwenda kanisani na makaburini. Sasa wanawake wenye ndoo kichwani walilazimika kuzunguka mpaka barabara ya lami. Walilalamika kwa baba, naye akaitisha mkutano.

Tulikutana Jumamosi, mbele ya ofisi ya mtaa. Mimi na bibi tulikaa mstari wa mbele, pamoja na wanawake wa upande wetu. Nilipogeuka nyuma niliona sura nyingi nisizozijua, na kwa mara ya kwanza nikatambua kwamba wao walikuwa wengi kuliko sisi. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa umebakiza miezi michache.

Mpangaji wetu wa zamani aliongea kwa adabu. Kiwanja amekinunua kihalali, nyaraka anazo, na wezi wamemwingilia mara mbili. Bila ukuta hawezi kulala. Watu wakapiga makofi.

Ndipo bibi aliposimama, akaanza kuongea Kifipa. Kiswahili cha sokoni na cha salamu alikijua, ila jambo zito alilisema kwa lugha yake, kama alivyofanya kwenye kila mkutano tangu nipate akili. Zamani aliyekaa karibu angewatafsiria wengine.

Hakufika mbali. "Kiswahili, bibi!" kijana mmoja aliita kutoka nyuma. "Wengine hatuelewi."

Baadhi walicheka. Hakikuwa kicheko kibaya. Lakini mwingine akadakia, "Mwenyekiti, huu ni mkutano wa mtaa au wa ukoo?"

Baba alinyanyua uso. Nilimwona akiwatazama wale wa nyuma, macho yakitembea polepole juu ya vichwa vyao, kisha akamgeukia mama yake.

"Mama, kaa chini," alisema, kwa Kiswahili. "Tutaongea nyumbani."

Bibi hakukaa. Alibaki amesimama, mdomo wazi kidogo. Nadhani alifikiri hajasikia vizuri. Watu wakaanza kunong'ona, na mimi nikaona aibu. Sijui kama niliona aibu kwa ajili yake au kwa sababu yake. Nilishika kitenge chake nikamvuta. Akakaa.

Mikono ilinyooshwa, ukuta ukabaki.

Tukiwa njiani kurudi nilimwuliza alitaka kusema nini. Akasema yule mpangaji wetu aliyejenga ukuta ni mtoto wake, amekula naye, ukuta wake usivunjwe. Aache tu upenyo wa kupita mtu mmoja mwenye ndoo kichwani.

"Ningesema hayo tu," aliniambia. "Halafu ningekaa mwenyewe."

Baba alirudi jioni, akanawa mikono, akala. Niliwapakulia na kungoja yale mazungumzo ya nyumbani yaanze. Hayakuanza, si siku hiyo wala siku nyingine. Bibi hakukasirika. Aliendelea kumwekea mwanawe maji ya kunawa na kumwuliza kama ameshiba. Ila hakwenda tena kwenye mkutano wowote, na shamba lililobaki alililima nusu tu.

Fomu za kugombea zilipotoka, mpangaji wetu wa zamani alikuja kumwona baba.

"Mzee, wenzangu wameniomba nigombee," alisema, hajakaa bado. "Sikutaka uyasikie kwa watu."

Baba alicheka, akamshika bega, akamtakia heri. Alipoondoka, baba aliniambia hana wasiwasi. Watu wote wale ni yeye aliyewakaribisha, barua zao ni yeye aliyeziandika.

Siku ya kupiga kura bibi alisema miguu inamuuma. Asubuhi hiyohiyo alikuwa ametoka shambani. Wanawake wengi wa upande wetu nao hawakutokea. Baba alishindwa vibaya. Watu wa kuja walimchagua mwenzao, jambo ambalo hata mimi ningelifanya kama ningekuwa ugenini, na watu wetu walibaki majumbani. Jumatatu aliufunga muhuri kwenye kitambaa, akaupeleka ofisini mwenyewe. Alirudi akalala mchana kutwa.

Msimu wa baridi uliofuata bibi aliugua kifua. Baba ndiye aliyemuuguza, akimlisha uji wa ulezi kwa kijiko, akimpangusa kidevu. Mara mbili nilimsikia akianza, "Mama, siku ile…" Na mara zote mbili bibi alimgusa mkono na kuomba maji. Sijui kama ilikuwa namna yake ya kumsamehe au ya kumkatalia. Alifariki siku ya tatu ya ugonjwa, mchana, baba akiwa ametoka kutafuta dawa.

Asubuhi ya maziko mwenyekiti mpya alifungua mageti yake yote mawili, la mbele na la nyuma. Yeye na mkewe walikuwa wamefagia uwanja. Tulipotoka na jeneza, alikuwa amesimama pale getini, kofia mkononi.

"Mzee, piteni huku," alisema. "Ni karibu."

Baba alisimama, akautazama ukuta. Wabebaji walimngoja, jeneza mabegani.

"Asante, mwenyekiti," akasema. "Tutazunguka."

Tulizunguka kwa barabara ya lami, malori ya mahindi yakisimama kutupisha. Yule bwana alifunga mageti yake, akatukimbilia, akaingiza bega chini ya jeneza. Hakuna aliyemzuia. Alilia kuliko baadhi ya wajukuu.

Waombolezaji walipokwisha kuondoka, baba aliniuliza mama yake alikuwa anataka kusema nini siku ile. Nikamwambia.

"Upenyo tu?"

"Upenyo tu, baba."

Aliinuka akaenda uani, akakaa kwenye kizingiti cha kimojawapo cha vile vyumba vya wapangaji mpaka jua lilipozama.

Wiki chache baadaye nilikutana na mwenyekiti dukani kwake, nikamweleza naye. Alipangapanga misumari iliyokuwa mezani.

"Mbona hakuna aliyetuambia?" aliuliza.

Mimi nilijua tangu siku ileile, na nyumba yake ilikuwa hatua ishirini kutoka kwetu.

Aliita fundi, akatoboa upenyo mdogo kwenye ukuta, mbele na nyuma, pale njia ilipopita. Lakini kipindi hicho mabomba ya maji yalikuwa yameshafika mtaani, na kisimani haendi mtu. Nyasi zimeota pale. Jumapili mimi hupita hapo nikienda kanisani, kwa kuwa ni karibu. Baba amezeeka sasa, anatembea kwa fimbo, na bado anazunguka kwa barabara.