Rayya na Abiria Wawili wa Mpakani

Wiki ile anga lilipofungwa kwa sababu ya makombora yaliyokuwa yakirushwa, shule za kwetu Ibri, Omani, nazo zilifungwa. Rayya, dereva wa basi la shule, akachukua gari lake dogo akaenda mpakani kuwabeba waliokwama.

Alipata wazee wawili wa Salala, mji wa kusini kabisa: Suhail na mkewe Tuful, aliyetoka kupasuliwa macho nchi ya jirani, bandeji bado usoni. Ndege yao ilikuwa imefutwa.

Kabla ya kuondoka aliwauliza pasi za kusafiria ziko wapi. Suhail akasema zimo kwenye sanduku.

"Zitoe, baba, uziweke mfukoni. Halafu mpigie mwanao, mwambie uko na nani na mnapita njia gani."

"Binti huyu ananiendesha kuliko gari," Suhail alimwambia mkewe.

"Umepata saizi yako," Tuful akajibu.

Ukungu wa asubuhi ulikuwa umelala juu ya mchanga. Ngamia walionekana nusu, migongo tu, wakielea. Ukungu ulipoinuka, mistari miwili myeupe ilipita juu kabisa, bila sauti. Suhail akatoa simu apige picha.

"Iweke chini, baba. Picha ya leo itakuletea maswali ya polisi kesho."

Rayya akaingiza gari chini ya daraja la bonde kavu, akazima injini. Alimimina kahawa. Akamshikisha Tuful kikombe mkononi.

"Kuna nini juu?" Tuful aliuliza.

Rayya alifikiria kumdanganya, akashindwa. "Mistari miwili, mama. Inafifia."

"Kama uzi?"

"Kama uzi."

Tuful akaegemea bega la Rayya, akalala. Suhail alitaka waendelee; Rayya akakataa. Walikaa pale saa nzima, upepo ukipita darajani kama mtu anayepumua.

Redio iliposema barabara za mbele ni shwari, Rayya aliwapeleka kwake Ibri, maana mabasi ya Salala yalikuwa yamesimama. Siku ya tatu, siku aliyoagiza daktari, Tuful alifunguliwa bandeji. Alimtazama Rayya kwa muda mrefu.

"Kumbe u mdogo hivi. Kwa zile amri nilidhani una miaka sitini."

Alhamisi basi la Salala likaja. Tuful alikaa upande wa dirisha, akawa anatazama kila kitu: ukuta, mbuzi, nguo kwenye kamba. Jumapili, mwanzo wa wiki ya kazi kwetu, shule zikafunguliwa, na Rayya akarudi kwa watoto wa basi lake wenye kelele.