Magurudumu ya Mzee wa Riyadh

Siku yangu ya kwanza Riyadh, Madam alinionyesha jiko na chumba changu, kisha akanipeleka kwenye mlango mmoja uliokuwa wazi. "Humu ni kwa Mzee. Fagia sakafu, meza usiguse." Juu ya meza palikuwa na vigari vya mbao, kila kimoja urefu wa kiganja. Nikajisemea, nimevuka bahari kuja kupangusa vumbi la midoli. Ilikuwa miaka ile mawakala walipokuwa wakitusafirisha kwa wingi kutoka Mombasa, nami sikuwa msichana, nilishapata wajukuu.

Mzee alikuwa baba yake kafili, yaani mwenye nyumba, mume wa Madam, aliyenidhamini na kushika karatasi zangu. Vigari vyake, niligundua baadaye, havikuwa midoli. Havina injini wala usukani. Huachiwa juu ya njia ya mbao yenye mteremko, na uzito wao wenyewe ndio unaovivuta hadi chini. Kila mwaka ukoo mzima ulikutana kushindana. Kuchonga, alisema Mzee, kila mtu anaweza, kazi iko kwenye magurudumu.

Mwaka wangu wa pili mikono yake ilianza kutetemeka. Siku moja aliniita nikiwa napiga pasi. "Rehema, taali, njoo. Shika bisibisi." Ndivyo nilivyoanza kazi ambayo haikuwamo kwenye mkataba. "Usimwambie mtu," aliongeza, nami nikamwahidi.

Gurudumu huzunguka kwenye msumari uliopindwa kidogo sana na kukatwa ufa kichwani. Ukiugeuza msumari kwa bisibisi, gurudumu hubadili uelekeo. Mgeni wa kazi hunyoosha yote manne sawasawa, akafurahi, kisha gari likashuka likipepesuka na kugonga ufito ulio katikati ya njia. Mzee alinifundisha vingine. Gurudumu moja la mbele huinuliwa lisiguse chini, na mwenzake hugeuzwa kidogo kuelekea kwenye ufito, ili gari liuegemee taratibu kutoka juu hadi chini. Tulilijaribu kwenye ubao ulioinamishwa. Likivuta upande kwa upana wa kidole gumba, inatosha. Likizidi, alitikisa kichwa, "Mafi, mafi," yaani hapana, tukarudia upya.

Mwaka huohuo mama yangu aliugua kule Kwale. Mkataba ulikuwa umekwisha, lakini kila nilipoomba ruhusa, Madam alisema ningoje Ramadhani ipite, halafu harusi ya mdogo wake, halafu mitihani ya watoto. Dada alinipigia simu: "Mama anakuulizia wewe tu. Fanya haraka." Nililia nikiosha vyombo. Mzee aliniona, akapita zake.

Desturi yao niliijua. Gari likishinda, anayeomba zawadi si mwenye gari, ni aliyenyoosha magurudumu, na ombi lake halikataliwi. Miaka yote hao wawili walikuwa mtu mmoja, Mzee mwenyewe. Sasa hawakuwa, lakini ahadi ni deni, na mimi nilikuwa nimeahidi kunyamaza.

Mashindano yalikuwa Jeddah, uani kwa ndugu yake Mzee. Asubuhi tulilijaribu gari, likavuta upande kwa upana wa mkono mzima. Mzee aliduwaa. "Riyadh lilikuwa sawa kabisa."

"Riyadh ni kukavu, Baba," nikamwambia. "Hapa kuna bahari. Kwetu Mombasa masika yakiingia milango haifungi, mbao zinakunywa hewa. Na wewe umelilaza kwenye kiyoyozi, wakati litakimbia nje."

Alicheka mpaka akakohoa. Tukaliweka barazani lizoee hewa ileile litakamokimbia, kisha kabla ya alasiri nikageuza msumari, kidogo tu, hadi likarudi kwenye kidole gumba.

Likashinda, kwa urefu wa pua yake. Watu wakapiga makofi, na ndugu yake akauliza swali la kila mwaka: "Nani aliyenyoosha magurudumu?"

Nilikuwa nyuma na sinia la kahawa. Mzee alishusha macho kwenye gari lake, na mimi, niseme ukweli, nilimchukia. Kisha akainua mikono yake yote miwili juu, mbele ya wanawe na wakwe zake, akaiacha itetemeke.

"Hii haishiki tena hata finjani," alisema. "Ni Rehema. Mwulizeni yeye anataka nini."

Madam aliweka kikombe chini. Sauti ilinitoka ndogo. "Nataka kwenda kumwona mama."

Kafili alimtazama baba yake, hakunitazama mimi. "Halas," akasema. "Ataenda wiki hii."

Nilimkuta mama yu hai, akanishika uso. Nilirudi Riyadh baada ya kumzika, nikamfanyia Mzee magurudumu hadi alipofariki, kisha nikafunga virago.

Nyinyi mnaojiandaa kwenda leo mtaniuliza mabosi wa kule wakoje. Wako wa kila namna, kama kwetu. Mimi sasa nimestaafu, na mikono yangu imeanza kucheza. Majirani wakija kunywa chai huwa nataka kuificha ndani ya leso. Namkumbuka Mzee, kisha naitoa, na kumwomba aliye karibu animiminie.